Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro: wanasayansi wanabishana nini hasa?

"Mtaalamu, unasema theluji inakwisha kwa joto. Mbona wapagazi wetu wakifika juu bado wanaganda kwa baridi?" Mzee mmoja aliniuliza hivyo kwenye mkutano wa kijiji huko Rombo. Namshukuru hadi leo, maana wanasayansi nao wameliumizia kichwa swali hilo hilo.

Barafu ya Kilimanjaro ilipochorwa kwenye ramani mwaka 1912, ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 haikufika hata 2. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye chanzo.

Mwaka 2000 Lonnie Thompson, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alichoronga barafu hiyo pamoja na wenzake, wakakuta ya chini kabisa ina umri wa zaidi ya miaka 11,000. Hoja yao ni kwamba barafu iliyohimili ukame wa karne tatu, yapata miaka 4,000 iliyopita, haiwezi kutoweka sasa kwa ukame pekee; joto nalo lina mkono.

Wanasayansi wengine, Georg Kaser na Philip Mote, hawakukubali. Kule juu, walisema, hewa huwa chini ya nyuzi sifuri karibu muda wote. Kingo za barafu ya Kibo zimesimama wima kama ukuta, tena zina ncha kali. Hewa ya joto ingezilainisha zikawa mviringo. Kwao mla barafu ni jua, linaloigeuza kuwa mvuke bila kupitia hali ya maji, huku theluji mpya ikiwa haba tangu tabianchi yetu ilipokauka kuanzia miaka ya 1880. Kwa hiyo mzee wangu wa Rombo hakukosea.

Kinachonisikitisha ni watu wanaouchukua ubishi huu na kutangaza kuwa ongezeko la joto duniani ni uzushi. Kaser na Mote hawakusema hivyo kamwe. Walisema Kibo ni mfano mbaya wa jambo ambalo ni kweli. Ushahidi wenyewe uko kwingine: hewa ukaa, gesi inayonasa joto, imepanda kutoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, na kaboni yake ina alama ya makaa ya mawe na mafuta. Tena, tabaka la juu la angahewa linapoa huku la chini likipata joto. Chanzo cha joto hilo kingekuwa jua kuongeza nguvu, yote mawili yangepata joto.

Na maji je? Wengi wanaamini barafu ikiisha mito itakauka. Barafu iliyobaki inachangia maji kidogo mno. Chemchemi na mifereji ya vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, hulishwa na mvua inayonyesha msituni. Panda asubuhi yenye ukungu hadi ukanda wa juu wa msitu, ushike zile ndevu za kuvu zinazoning'inia kwenye matawi: zimelowa chapachapa hata kama hakujanyesha. Miti hukamua mawingu. Moto ukiiteketeza, ukungu unapita tu, bila kuacha tone.

Oktoba 2020 moto uliwaka siku nyingi katika ukanda huo huo wa juu, na mamia ya watu wakapanda kuuzima. Mkutano wa kijiji unaofuata ningependa uanzie hapo: nani anafyeka njia za kuzuia moto, na lini.