Akrabu zinasoma saba, kengele inagonga moja

Mwaka jana bibi mmoja wa Malindi, hapa Unguja, alimtuma mjukuu wake aniletee saa ya mezani iliyoviringishwa kwa kanga mbili. "Bibi anasema iliingia nyumbani zama za Sayyid Barghash," kijana akaniambia. "Na mimi naona inagonga ovyo."

Hata kabla ya kuifungua nilishaujua ukoo wake. Kasha jeusi linalong'aa kama marumaru, nguzo ndogo za kijani mbele, vichwa vya simba ubavuni. Watu huapa kuwa ni jiwe. Ibebe tu utajua: jiwe la ukubwa ule lingekukata kiuno, na hii ni mbao iliyovikwa seluloidi, plastiki ya zamani. Kiwanda cha Seth Thomas cha Thomaston, Connecticut, Marekani, kiliita ufundi huo Adamantine, na kibandiko chini ya kasha hutaja hataza ya tarehe 7 Septemba 1880. Basi usithubutu kuifuta kwa asetoni wala dawa ya kutolea rangi ya kucha; seluloidi itayeyuka mkononi mwako. Kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo kinatosha.

Kilichonifurahisha ni wino uliofifia huko huko chini: 6091 D. Wengi hudhani ni namba ya bidhaa. Isome kinyumenyume, 1906. Herufi ni mwezi: A ni Januari, kwa hiyo D ni Aprili. Sultani Sayyid Barghash alifariki 1888. Saa hii ilitoka kiwandani Sayyid Ali bin Hamud akiwa kwenye kiti cha usultani. Nilimweleza kijana. Akacheka, akaniomba nisimwambie bibi yake.

Kwenye mtambo, cha kuogopwa ni kamani, zile springi zinazojazwa kwa ufunguo. Ziko mbili, ya kushoto ya kugonga na ya kulia ya mwendo, nazo ziko wazi, hazina kopo la kuzizuia. Ukifungua bamba la mtambo huku zimejaa, zinafyatuka kama mtego. Kovu la kidole gumba changu limetokana na haraka ya ujana. Siku hizi nashika ufunguo barabara, nainua kile kijino kinachozuia gurudumu, naachia nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mpaka kamani inyamaze.

Ndani nilikuta mafuta ya nazi. Si mara ya kwanza. Yalikuwa yamegeuka ulimbo wa kijani na kahawia, vumbi limenasa humo kama nzi kwenye asali. Niliosha kila kipande kwa mafuta ya taa na brashi, nikazungusha njiti iliyochongwa ndani ya kila tundu mpaka itoke nyeupe. Hapo ndipo madhambi yakaonekana: matundu ya mihimili ya magurudumu yamelika, yamekuwa na umbo la yai, na fundi aliyenitangulia alikuwa amegongagonga ncha ya msumari kuyazunguka ili shaba ijibane. Hujibana, miezi michache. Nilitoboa upya, nikatia bushi tano, vipete vipya vya kushika mihimili. Mafuta ya saa niliweka tone moja kwenye kila ncha ya mhimili. Meno ya magurudumu sikuyapaka kitu, maana yakiwa na mafuta hushika mchanga, yakasagana kama tupa.

Ikatembea vizuri. Lakini kweli, akrabu, yaani mishale ya saa, zikifika VII, inagonga mara moja. Saa hii hugonga kwa kufuata gurudumu lenye nafasi zilizokatwa pembeni, moja baada ya nyingine, na gurudumu hilo halijui akrabu ziko wapi. Vikipotezana havirudiani vyenyewe. Niliinua kiwaya cha kugongea, ikaendelea kugonga mpaka ikafika saba. Nikaona kazi imekwisha, nikalipwa.

Siku ya pili kijana huyo tena. "Bibi anauliza, tangu lini asubuhi ikawa na saa saba?"

Kumbe marehemu mumewe alikuwa karani bandarini. Ofisini walikwenda kwa saa za Kizungu, nyumbani kwa saa zetu. Akaziachia akrabu hesabu ya kazini, kengele akaipa ya Kiswahili, na kwa miaka yote hiyo bibi alikuwa akipika kwa kusikiliza. Ugonjwa niliouponya ndio uliokuwa ufundi wenyewe.

Nilikwenda mwenyewe baada ya Magharibi. "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Umeniharibia saa yangu." Nikaomba radhi, nikaanza kuinua kiwaya. Kengele ilikuwa tayari kugonga saba; mpaka iwe tayari kugonga moja ni kuinua mara kumi na mbili, kwa sababu hugonga pigo moja kila nusu saa pia; jumla mipigo 63, na bibi aliihesabu yote kwa tasbihi. Nikamwonya kijana atie ufunguo pande zote mbili siku moja kila wiki. Upande wa kugonga ukiisha kabla ya ule wa mwendo, hesabu ya babu yake imepotea. Kabati lilikuwa limeinama kidogo, mlio ukichechemea, tik-tak... tik-tak, nikakunja karatasi chini ya mguu wa saa mpaka ukawa sawa.

Tukanywa kahawa. Akrabu zikafika VII, kengele ikagonga moja, na bibi akanyanyuka kwenda kupakua.