Kufungwa kizazi bila ridhaa: maswali na majibu

Yujeniksi ni nini?

Ni fikra kwamba taifa linaweza kuboreshwa kwa kuchagua nani azae na nani asizae, kama mfugaji anavyochagua fahali. Jina hilo alilitunga Mwingereza Francis Galton mwaka 1883. Wafuasi wake walishikilia kwamba hata umaskini na ulevi hurithiwa. Ushahidi wa maana hawakuwa nao, lakini wabunge waliwasikiliza: mwaka 1907 jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwafunga watu kizazi kwa lazima.

Akina nani walifungwa kizazi?

Maskini, wagonjwa wa akili, wenye ulemavu, wafungwa, na wasichana kama Carrie Buck wa Virginia. Carrie alibakwa, akapata mimba, na familia iliyokuwa ikimlea ikampeleka kwenye taasisi ya waliodaiwa kuwa na upungufu wa akili. Mama yake mzazi alikuwa humo tayari. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliridhia Carrie afungwe kizazi, majaji wanane dhidi ya mmoja. Jaji Oliver Wendell Holmes aliandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Kizazi hicho cha tatu kilikuwa binti mdogo wa Carrie, ambaye baadaye aliingia kwenye orodha ya wanafunzi bora shuleni.

Mdogo wake Carrie, Doris, naye alifungwa kizazi, ila yeye aliambiwa anatolewa kidole tumbo. Aliolewa, akatafuta mtoto miaka nenda rudi, na ukweli akaujua uzeeni. Kwangu huo ni ukatili mkubwa kuliko hata hukumu yenyewe.

Marekani ilifunga kizazi watu zaidi ya 60,000. Ujerumani ya Hitler, kwa sheria ya 1933, takriban 400,000. Japani ilifuta sheria yake 1996 tu.

Je, fikra hiyo ilifika Afrika Mashariki?

Ilifika. Mwaka 1933 Wazungu wa Nairobi, madaktari wakiwemo, waliunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Dkt. H. L. Gordon, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai ubongo wa Mwafrika ni duni na hivyo elimu ya Kizungu haimfai. Aliomba serikali ya Uingereza fedha za utafiti, akanyimwa.

Leo yamekwisha?

Hapana. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Namibia iliwapa haki wanawake watatu wanaoishi na VVU waliosainishwa fomu za kufungwa kizazi wakiwa na uchungu wa kuzaa au wakisubiri upasuaji. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Kenya iliwaamulia fidia wanawake wanne wenye VVU waliofungwa kizazi bila ridhaa. VVU si sababu ya kufungwa kizazi. Dawa za ARV zikitumiwa vizuri hupunguza sana hatari ya kumwambukiza mtoto.

Nikishauriwa kufunga kizazi, niulize nini?

Uliza kama kuna njia nyingine, kitafungwa nini, na kama kinafunguka. Hesabu kwamba ni ya kudumu; upasuaji wa kufungua upo, lakini hauna uhakika. Fomu isomwe kwa lugha unayoielewa, mapema kliniki, si leba. Asikutishe mtu kwamba ukikataa hutapewa dawa au maziwa ya mtoto.

Nimeshasaini, naweza kukataa?

Unaweza, hata ukiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Mwambie daktari au muuguzi waziwazi, na udai iandikwe kwenye faili lako.