Thwart: neno lililokingama

Wanafunzi wangu wa Kiingereza hapa Mombasa wakikutana na neno thwart, wengi huandika "kuzuia" daftarini, basi. Naumia kuliona likipunjwa hivyo.

Lori likiharibika katikati ya Daraja la Nyali limezuia njia, lakini Mwingereza hatatumia thwart hapo. Neno hili hutaka mpango, jaribio, au mtu mwenye azma yake, kisha kitu kimkatize asifike. Kiswahili kina kutibua, kina kukwamisha, na yote mawili hulifaa.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ya vichwa vya habari. Mtu akiona thwart kando ya polisi na shambulio, huanza kuuliza wangapi wameumia. Ukweli ni kwamba shambulio halikufanyika. Njama ilitibuliwa kabla. Ndiyo maana tafsiri ya "kuzima shambulio" siipendi. Huzimwa kilichokwisha kuwaka.

Wengine hudhani lazima awepo adui. La. Kusi ikichachamaa mwezi wa Juni, mvuvi aliyepania kuvuka mwamba akabaki ufuoni, ni upepo uliomkwamisha, na neno ni lilelile.

Matamshi ni mepesi kwetu: th ya thelathini, si dh ya dhahabu, na a yake huelekea o.

Sasa mashua. Thwart pia ni ubao wa kukalia mpiga makasia, na watu hudhani maana hizo mbili zimekutana kwa bahati tu. Siku moja niliwapeleka wanafunzi Mji wa Kale, tukainamia mashua ndogo iliyofungwa ufuoni. Ubao wake ulilala kutoka ubavu hadi ubavu, umesuguliwa na wakaaji mpaka unang'aa. Umekingama. Hiyo ndiyo asili ya thwart ya kutibua: Kinorse cha kale, lugha ya Waskandinavia wa zamani, þvert, yaani kilichokaa kwa kukingama. Jina la ubao lilianzia neno jingine la kale la Kiingereza, þofte, benchi la mpiga makasia, kisha likavutwa na hili la kukingama mpaka yakafanana. Shakespeare naye, katika tamthilia yake King Lear, analitumia kama kivumishi: Lear anamwapiza bintiye kwamba akizaa, azae mtoto wa namna hiyo, mkaidi, wa kwenda kombo na mama yake.

Binti mmoja aliupapasa ule ubao, akaniuliza, "Kwa hivyo, mwalimu, naweza kusema mpango wangu umekingamiwa?"

Nikamwambia aandike hivyohivyo.