Picha zikilowa usizitupe, na moto ukiwaka usizirudie

Kazi yangu ni kukarabati picha na karatasi za zamani, kwahiyo swali la nyumba ikiwaka moto nichukue nini naulizwa sana. Jibu langu ni usichukue kitu. Watoe watu, funga mlango nyuma yako, na ukishatoka usirudi hata kama albamu ya harusi ya wazazi unaiona pale mezani. Nyumba za siku hizi zimejaa masofa na magodoro ya sponji, mapazia ya nailoni, plastiki kila kona, na hivi vitu vikishaanza kuwaka chumba kinaweza kushika moto chote kwa mpigo ndani ya dakika 5 au hata pungufu, na kabla moto haujakufikia ule moshi una kaboni monoksaidi, haionekani wala haina harufu, inakulegeza mpaka unaanguka. Hakuna picha ya thamani hiyo jamani.

Kwahiyo kuchagua ni leo, ukiwa umetulia. Kigezo changu ni kimoja tu, hiki kikipotea kuna ofisi yoyote itanitolea kingine? Pasipoti na vyeti vina usumbufu wake lakini vinatolewa upya. Sauti ya bibi kwenye kaseti, au barua ya marehemu baba kwa mwandiko wake, hiyo hakuna wa kukutolea. Ukivikusanya mara nyingi ni vichache, vinaenea kwenye begi moja dogo, na begi likae karibu na mlango, maana siyo kila janga ni moto, mafuriko saa ingine unaambiwa mapema uhame na hapo kweli unao muda wa kubeba.

Wengine wanategemea sefu isiyoungua. Sawa, ila soma kibandiko. Sefu ya karatasi inapimwa ili joto la ndani lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi, karatasi inavumilia hapo. Kaseti na negativu (zile filamu za kamera za zamani) zinahitaji ile isiyozidi nyuzi 66, ndo maana mtu anafungua sefu baada ya moto anakuta barua nzima na kaseti imejikunja. Alafu kuta za sefu nyingi zina unyevu ndani yake, uwe unaifungua mara kwa mara ipate hewa, la sivyo picha zinaota ukungu bila hata moto kutokea.

Ila vingi vinavyofika mezani kwangu havijaungua, vimelowa. Bomba limepasuka, paa limevuja, au ni maji ya zimamoto wenyewe. Na hapa ndo naumia, maana watu wanatupa vitu ambavyo vingepona kabisa. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika mji wa Florence, Italia, ukaingia mpaka maktaba ya taifa, vitabu na majarida kwa mamia ya maelfu vikalala kwenye matope, vijana wakavitoa kwa kupokezana mkono kwa mkono na vingi vikapona. Japani nako baada ya tsunami ya 11 Machi 2011, watu walijitolea kuosha picha zilizookotwa kwenye matope na kuwatafuta wenyewe wawarudishie.

Una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Picha ya kusafishwa studio, ile taswira yenyewe iko kwenye utando wa jelatini, ukilowa unavimba na kunata, zikikauka zimelaliana ndo zimegandana moja kwa moja. Kwahiyo usiziache zikauke zikiwa bunda. Ziweke kwenye beseni la maji safi ya baridi, ziachie taratibu zenyewe, usiguse uso wake hata kwa kidole, suuza, zilaze uso juu kwenye tishu nyeupe au zitundike kwa kibanio pembeni, kivulini. Jua hapana, pasi hapana, draya ya nywele hapana. Kama ni nyingi kuliko mikono uliyonayo, weka karatasi ya nta katikati, tia kwenye mfuko, peleka friza, hapo umenunua miezi. Zile za printa ya nyumbani ndo usizilowekeshe, wino wake unaondoka na maji.

Iliyo kwenye fremu iangalie kwa mbele, kwenye mwanga. Ukiona doa lenye rangi nzito kuliko sehemu zingine, linang'aa kama bado lina maji na wakati ni kavu, ujue hapo jelatini imeshika kioo. Usivute! Ukivuta uso wa mtu unabaki kwenye kioo. Iskani hivyo hivyo na kioo chake, kazi ya kuitoa muachie fundi.

Barua, maandishi ya penseli hayasumbuki na maji, ya peni mara nyingi yanabaki, ya kalamu za majimaji yanatiririka, hizo zianze kushughulikiwa. Masizi yana mafuta, kitambaa chenye maji kinayasukuma ndani zaidi ya karatasi, tumia sifongo kavu tu, ile ya mpira ya kufutia masizi, siyo ya vyombo.

Na nakala jamani. Tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba, kwa ndugu au mtandaoni. Wakati unaskani kaa na wazee wakutajie majina, maana nimeshaosha picha nzuri sana ambazo familia nzima hakuna anayejua yule aliyesimama pembeni ni nani. Andika nyuma kwa penseli laini bila kukandamiza, na kama mgongo wa picha ni ule wa plastiki penseli haishiki, andika kwenye bahasha kabla hujaiweka picha ndani.