Kabla hujagawa tuta lako futi kwa futi, angalia kwanza jua letu

Wiki hii dada mmoja wa Ntinda, hapa Kampala, kanipigia simu, matofali keshanunua, tuta la futi 4 kwa 4 keshalichora kwenye karatasi, na nyanya zote kazipanga upande wa kaskazini manake video aliyoangalia ilisema hivyo. Nikamwambia dada, subiri kwanza.

Huu mtindo wa kugawa tuta futi kwa futi (square foot gardening) aliuanzisha injinia wa Marekani, Mel Bartholomew, miaka ya 70. Unavuta kamba juu ya tuta unapata vyumba 16, kila kimoja sentimita 30 kwa 30, na ukubwa ni futi 4 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo. Hapo sina shida kabisa. Lakini kule kwao jua la mchana linakaa kusini mwaka mzima, ndo maana mimea mirefu inaenda kaskazini. Sisi Uganda ikweta inatupitia hapo Kayabwe jamani! Kuanzia mwisho wa Machi mpaka Septemba jua la mchana liko kaskazini yetu, kwa hiyo mwezi Juni nyanya ya mita 2 iliyopandwa kaskazini saa saba mchana inatupa kivuli cha zaidi ya sentimita 80, letusi zilizo kusini yake zinabaki gizani.

Mimi virefu vyote naviweka magharibi. Asubuhi kila chumba kinapata jua, alafu saa tisa saa kumi lile jua kali nyanya ndo zinalikinga, mboga laini zinapumua.

Idadi ni rahisi: nyanya, sukuma wiki au kabichi 1 kwa chumba, letusi 4, maharage mafupi 9, karoti 16. Dodo (mchicha) mi naweka 9 nang'oa ikiwa changa. Kina cha udongo wengi wanasema sentimita 15 inatosha, mimi najaza 30 manake Januari na Februari tuta fupi linakauka haraka sana, na mboji ya maganda ya matoke na samadi iliyooza vizuri isikosekane. Matofali ni bora kuliko mbao, mchwa wa huku unawajua.

Sasa kitu kinachoniuma zaidi. Watu wanavuna nakati, chumba kikibaki wazi wanaingiza nyanya, wanaona nakati ni mboga ya majani tu. Nakati, ntula (nyanya chungu), biringanya, pilipili na nyanya ni ukoo mmoja, mnyauko wa bakteria ukishaingia kwenye udongo unawapata wote, na mimi mwenyewe nimeshapoteza nyanya zenye matunda tayari kwa kosa hilo hilo, zilinyauka zikiwa bado kijani, inauma. Nakati ikitoka weka maharage au karoti au kitunguu.

Yule dada kachora upya, nyanya 4 magharibi, na vyumba vya nakati kaviandikia kabisa kwamba vinavyofuata ni maharage. Mvua za Septemba zikianza anapanda.