Akuma kwenye Tekken 7: tunavyodanganyana vibandani na ukweli wenyewe

Juzi jioni pale Mwanga, hapa Kigoma, kwenye kibanda cha gemu nilichokulia, madogo wawili nusura wazichape kisa Akuma, mpiganaji mgeni kwenye gemu ya ngumi ya Tekken 7. Mmoja katoka Ujiji mwingine wa hapohapo mtaani, wa Ujiji anashikilia kwamba Akuma ni mdogo wake Heihachi, yule mzee wa familia ya Mishima, mwenzie anasema hapana, ni lile shetani la Kazuya mtoto wa Heihachi limetoka nje ya mwili, na kaka zao waliokaa benchi la nyuma kila mmoja anachochea na la kwake. Mimi hili gemu nimekaa nalo tangu Tekken 3 ile ya PS One, tunapokezana pedi ambayo waya wake umefungwa kwa mpira wa tairi, na nikisikia mtu anamsingizia Akuma naumia kabisa. Kwa hiyo nayaandika hapa yote ninayoyasikia vibandani, kuanzia Mwanga mpaka Kibirizi, na ukweli wake.

Tuanze na hilo la undugu. Akuma hana damu ya Mishima hata tone. Ni mtu wa kampuni ya Capcom, wa gemu yao ya Street Fighter, ametokea mara ya kwanza 1994 kwenye Super Street Fighter II Turbo, na alikuwa kafichwa, yaani unacheza vizuri mpaka unafika kwa bosi M. Bison halafu ghafla anaingia mtu anammaliza Bison mbele ya macho yako, kisha anakugeukia wewe. Na sio shetani pia. Najua jina ndo linachanganya, maana akuma kwa Kijapani ni pepo mbaya, ila Wajapani wenyewe wanamwita Gouki, hilo la Akuma ndo analotumia huku kwingine kote (na ndo maana wengine wanadhani Gouki na Akuma ni watu wawili). Yule ni binadamu, aliyezama kwenye nguvu mbaya inaitwa Satsui no Hado mpaka akamuua mwalimu wake, Goutetsu, na ana kaka yake Gouken ambaye ndo aliyewafundisha Ryu na Ken, wale wapiganaji wakuu wa Street Fighter. Mwenye ushetani wa damu ni Kazuya, kaurithi kwa mama yake Kazumi, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Halafu kuna hii, "wageni wameanza kuingia gemu za watu siku hizi tu sababu ya hela". Sio kweli. Mwaka huohuo 1994 aliozaliwa, Akuma aliwekwa kwa siri kwenye X-Men: Children of the Atom, gemu ya mashujaa wa Marvel, katikati ya kina Wolverine na Cyclops, kwa hiyo ukitaja wageni wa mwanzo kabisa kwenye gemu za ngumi yeye yumo. Namco, wenye Tekken, nao wana historia, ile Tekken 3 ya PlayStation ilikuwa na Gon, kile kidinosaria kifupi kinachotema moto, na Gon katoka kwenye vitabu vya katuni vya Masashi Tanaka, tulikuwa tunamcheza miaka yote hiyo bila kujua kwamba ni mgeni. Soulcalibur II, ya Namco haohao, nayo kila mashine ilipewa mgeni wake, GameCube Link, Xbox Spawn, na PS2 wakampeleka Heihachi mwenyewe.

Na kabla sijasahau, uongo wa vibandani haukuanzia Kigoma. 1992 gazeti moja la gemu la Marekani, Electronic Gaming Monthly, toleo la Aprili, liliandika kwamba kwenye Street Fighter II kuna mtu kafichwa anaitwa Sheng Long, ili umpate cheza na Ryu usiguswe hata mara moja, ukifika kwa Bison msipigane raundi kumi, basi atatokea. Ilikuwa utani wa siku ya wajinga. Kilichowaponza watu ni kwamba Ryu akishinda kulikuwa na maneno yanasema huwezi kuwa na nafasi mpaka umshinde Sheng Long, na hayo maneno yalikuwa tafsiri mbovu ya Shoryuken, ile ngumi ya kupanda juu, hakuna mtu wa jina hilo. Watu wakapoteza pesa zao kwenye mashine wakimtafuta mtu ambaye hayupo. Sasa fikiria miaka miwili baadaye anatokea kweli mtu kafichwa, anaingia kwa Bison vilevile. Ndo maana Akuma ana uzito ule kwa watu wa zamani, kaingia kama uvumi uliopata mwili.

Turudi Tekken 7. Uongo unaoniuma kuliko wote ni huu, kwamba Akuma kawekwa kama pambo tu, hana kazi kwenye stori. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Namco jembe walimpa. Kazumi, mke wa Heihachi, aliwahi kumuokoa Akuma, akamuomba kwamba yeye akishindwa basi Akuma awaue Heihachi na Kazuya. Na alishindwa, Heihachi ndo alimuua. Kwa hiyo Akuma anapoingia pale dojo la Mishima kumfuata mzee hajaja kuzurura, kaja kulipa deni la mtu aliyekufa. Mimi nikiangalia lile pambano huwa nakaa kimya, maana jamaa hana chuki na yule mzee, ana ahadi. Walimuunganisha mgeni na jeraha kubwa kuliko yote ya ile familia, baba aliyemuua mama, na kutoka gemu ya kampuni nyingine hiyo kazi sijaona ikifanywa vizuri namna ile. Hapa ndo yuko tofauti na wenzie, Geese Howard wa Fatal Fury, Noctis wa Final Fantasy XV na Negan wa The Walking Dead, wale wako kwenye orodha ya wapiganaji ila stori kuu ya Mishima haiwagusi.

"Akuma mpaka umalize gemu ndo anafunguka." Hapana kaka. Gemu ilipotoka kwa mashine za nyumbani tarehe 2 Juni 2017 Akuma alikuwa wazi kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Wageni wa kununua pembeni ni hao watatu wengine, Geese alikuja mwisho wa 2017, Noctis 2018, Negan 2019. Kwa hiyo kibanda ambacho hakina Negan hakijaharibika wala diski sio feki, hawajamlipia tu.

Sasa hili la simu. Jamaa yangu mmoja alienda kwa mtu wa kuingiza nyimbo na muvi kwenye memori, huyo simtaji, akalipa akawekewa "Tekken 7 ya PPSSPP" yenye Akuma ndani. Akaja nayo kwangu anafurahi. Nikaifungua, menyu ni ya Tekken 6, viwanja vya Tekken 6, mapigo ya Tekken 6, picha ya mwanzo ndo imebadilishwa na wapiganaji wengine wamevalishwa sura mpya. PPSSPP ni programu ya simu inayocheza gemu za PSP, ile mashine ndogo ya mkononi, na PSP ilipata Tekken mbili, Dark Resurrection na Tekken 6, basi. Tekken 7 imetoka kwa mashine za kulipia za kule Japani, PS4, Xbox One na kompyuta. Ukitaka kujua haraka kama unachouziwa ni chenyewe, mchague huyo "Akuma" wake, mrushe juu, halafu mwambie arushe moto. Akuma wa kweli anaruka juu kama wa Street Fighter na chini ya baa ya damu yake kuna baa nyingine inayojaa kadiri mnavyopigana. Kama hiyo baa haipo, umeuziwa sura. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu wanaouziwa ni madogo, hela ya kubeba ndoo za dagaa Kibirizi asubuhi, anaenda kuitoa kwa kitu ambacho hakipo.

Na hiyo baa ndo inatuleta kwenye malalamiko makubwa, "Akuma ni wizi, anarusha moto kwenye gemu ya ngumi". Nakubali anauma. Yeye, Geese na Eliza walitengenezwa wacheze kama gemu za pande mbili, zile za mbele na nyuma tu, wana baa, wana mapigo ya kuzungusha, na ukizoea Tekken tupu unaona kama mtu kaja na kisu kwenye mieleka. Ila ule moto unaenda mstari ulionyooka! Tekken ina kitu Street Fighter ya zamani haina, kusogea pembeni. Gusa juu mara moja au chini mara moja, kidogo tu usishikilie, mwili unakaa upande, moto unapita, na yeye bado mikono iko mbele. Mapigo yake nayo sio bonyezabonyeza kama tulivyokuwa tunafanya na Eddy Gordo wa Tekken 3. Moto wenyewe ni chini, chini-mbele, mbele, halafu kiboksi au pembetatu, na inatakiwa itoke kama mstari mmoja, kidole gumba kiteleze bila kunyanyuka. Yule dogo wa Ujiji niliyemtaja kidole chake kimeota sugu hapa pembeni, kinang'aa, kwa ajili ya huo mzunguko tu, na bado kwa pedi zetu zilizolegea unamponyoka mara tatu kati ya tano. Mtu anayemuweza Akuma vizuri kafanya kazi, msimwite mwizi.

Kwanza kama mgeni angekuwa anashinda tu kwa kuchaguliwa, mashindano yasingekuwa na maana. 2019 Arslan Ash, kijana wa Lahore, Pakistani, ambaye dunia ilikuwa haimjui, alichukua EVO Japan, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, halafu mwaka huohuo akachukua na EVO ya Las Vegas. Hiyo huwa nawakumbusha madogo kila nikipata nafasi, kwamba kule kwao nako watu walikuwa wanafinyangana wenyewe kwa wenyewe vibandani miaka yote, hakuna aliyewaona.

Kuna diski pia inauzwa imeandikwa Tekken X Street Fighter, wengine wanaapa wameicheza. Hawajaicheza. Iliyotoka ni Street Fighter X Tekken, Machi 2012, imetengenezwa na Capcom, unacheza kwa mtindo wa Street Fighter, na humo Kazuya na Akuma walikutana miaka mitano kabla ya Tekken 7 kufika majumbani. Upande wa pili, ambao Namco walitakiwa watengeneze kwa mtindo wao, ulitangazwa 2010 pamoja na huo mwingine lakini haujawahi kutoka. Majina yamegeuzwa tu, ndo panapochanganya.

La mwisho, wanaosema "Akuma sasa ni wa Tekken milele". Tekken 8 imetoka Januari 2024 na Akuma hayupo, mgeni aliyeingia mwisho wa mwaka huo ni Clive wa Final Fantasy XVI. Wageni ni makubaliano kati ya kampuni na kampuni, yana mwisho. Mwisho wa 2013 Marvel vs. Capcom 2 na ya 3 zote ziliondolewa kwenye maduka ya onlaini, gemu nzima, maana ruhusa ya Marvel ilikuwa inaisha. Kwa hiyo Akuma kaja, kafanya lake, kaondoka na Capcom wake, na yupo kwao Street Fighter 6.

Kilichobaki, na hapa ndo wale madogo walipoanza tena kubishana hata baada ya mimi kuwaeleza yote haya, ni lile pambano la mwishomwisho la Tekken 7, Heihachi keshaangushwa na Kazuya, Akuma na Kazuya wanavaana, wanakimbiliana, na inakata bila kuoneshwa nani kadondoka. Kazuya tumemuona mzima kwenye Tekken 8. Ahadi ya Kazumi ilikuwa ya watu wawili.