Dira Iliyoganda Ndani ya Lava

Safu nyingi za milima ya pwani ya California zimelala kuelekea kaskazini-magharibi, lakini milima ya Santa Monica imekatiza mashariki hadi magharibi kama mwiba uliokwama kooni. Chanzo cha ukaidi huo tunakisoma katika usumaku wa miamba yake ya volkeno.

Lava inapopoa na kushuka chini ya nyuzijoto 580 hivi za Selsiasi, punje za magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku) zilizomo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati ule na kuutunza. Mwinamo wa usumaku huo, yaani pembe yake na mlalo wa ardhi, hutuambia latitudo ya mahali lava ilipopoa: kwenye latitudo ya nyuzi 34 tunatarajia mwinamo wa takriban nyuzi 53. Uelekeo wake wa mlalo, ukilinganishwa na kaskazini, huonyesha kama ardhi imegeuzwa tangu hapo. Kuhusu longitudo, mwamba ni bubu.

Uwandani tunatoboa mche (kipande chembamba cha mviringo) wa mwamba wenye kipenyo cha sentimeta 2.5, na kabla ya kuung'oa tunapima uelekeo wake na kuuchora mstari wa alama. Basalti, mwamba mweusi wa lava, yaweza kuivuta sindano ya dira, kwa hiyo mimi huamini zaidi kivuli cha kijiti juani, nikiandika saa na dakika. Mstari ukikosewa, hakuna mashine ya maabara itakayousahihisha.

Maabarani tunaupasha mche joto hatua kwa hatua ili kufuta usumaku wa baadaye, ukiwamo ule wa radi. Kinachonikosesha usingizi, hata hivyo, ni tabaka zilizoinama, kwani lazima kwanza zirudishwe kimahesabu katika ulalo wake wa awali. Tena mkondo mmoja wa lava hautoshi, maana sumaku ya dunia hutangatanga, na ni wastani wa mikondo mingi tu unaoaminika.

Mwaka 1979 Marc Kamerling na Bruce Luyendyk walichapisha vipimo vya lava za milima hiyo za enzi ya Miosini (takriban miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita): badala ya kaskazini, usumaku wake ulielekea karibu na mashariki. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba eneo lote, pamoja na visiwa vya kaskazini vya Channel vilivyo mbele ya pwani hiyo, limezunguka zaidi ya nyuzi 90 kufuata mwendo wa mishale ya saa, likiburutwa na bamba la Pasifiki (kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachosogea) huku ncha yake ya mashariki ikibaki imeshikiliwa.

Mwenye shaka na sumaku aokote kokoto. Katika kisiwa cha San Miguel, kimojawapo cha visiwa hivyo, zimo kokoto za riolaiti (aina ya mwamba wa volkeno) zinazofanana na zile za Poway, karibu na San Diego. Ukilizungusha eneo hilo kinyumenyume, visiwa hivyo hurudi jirani na pwani ya San Diego.